Tumbo la Aprili la Opal

Jumatatu, 24 Februari

Nimefungua daftari jipya kwa sababu leo nimeanza Oklahoma. Kila mwaka ni hivyo. Baridi ikianza kulegea na watoto wakiwa wamechoshwa na desimali, naitundika ramani kubwa ubaoni na darasa la nne linaanza kulisoma jimbo lake lenyewe. Shajara naandika msimu huu tu, mpaka shule ifungwe Mei. Miezi mingine sina la kusema ambalo Harlan, mume wangu, hajalisikia mezani.

Watoto ni kumi na tisa. Nimewauliza jimbo letu lina umbo gani, wakajibu kama wanavyojibu wote: kikaango, mpini umeelekea magharibi. Raelynn Grass akanyoosha mkono. "Mwalimu, mpini ule ni mwembamba. Ukitia nyama unakatika." Bibi yake ni Opal, mpishi wa shule yetu, ndiye anayemlea, kwa hiyo habari za vikaango anazijua.

Saa nne nikaenda jikoni kunywa kahawa na Opal kama kawaida. Nikamwambia nimeanza Oklahoma.

"Safari hii inaishaje?" akauliza.

"Inaisha vizuri, kama kila mwaka."

"Basi usinihadithie, mwenzangu. Nitangoja picha ya sinema."

Jumatano, 5 Machi

Alama za jimbo. Ndege: mkia-mkasi, ambaye mkia wake ni mrefu kuliko mwili. Jiwe: lile jekundu lenye umbo la waridi. Kila mtoto anatengeneza Kitabu cha Jimbo Langu, kurasa kumi na mbili kwa penseli za rangi. Bendera imewatoa jasho kwa sababu ya ngao ya ngozi ya Waosage, taifa la wenyeji wa asili, na manyoya yake saba ya tai. Mtoto mmoja akauliza kama Waosage waliombwa ruhusa kwanza. Nikasema kuwekwa kwenye bendera ni heshima. Tukarudi kwenye ndege.

Alhamisi, 13 Machi

Upepo tangu alfajiri. Vumbi jekundu limeingia hata kwenye bakuli la sukari.

Ijumaa, 28 Machi

Miti ya redibadi imechanua barabara nzima, zambarau tupu, hata majani bado. Leo tumesoma mlo rasmi wa jimbo: bamia za kukaanga, mkate wa mahindi, boga, nguruwe wa kuchoma, biskuti na mchuzi wa soseji, kunde, stroberi, pai ya pekani, na bado sijamaliza. Watoto wanaukariri kwa kuimba. Opal aliwasikia kutoka jikoni akachungulia dirishani.

"Waambie anayeula wote siku moja tutamzika kwa gharama za serikali," akasema.

Darasa lilicheka mpaka kengele.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote. Nimekuja na kigingi cha babu wa baba yangu. Ni kipande cha mti wa mwaloni, kirefu kama mkono, kimechongoka upande mmoja. Watoto wanakishika kwa zamu huku nawasimulia mbio za ardhi: maelfu ya walowezi mpakani na farasi na magari ya turubai, saa sita mchana bunduki inalia, kila mmoja anatimua mbio, na anayechomeka kigingi chake kwanza anapata ekari mia moja na sitini. Nikawaambia kwamba nasi tutakimbia tarehe ishirini na mbili, siku ya mbio zile za kwanza, uwanja wa besiboli, na vigari vyao vya kuvuta vilivyofunikwa mashuka, kofia za kizamani, na chakula cha kufungasha. Wakapiga meza kwa furaha.

Raelynn akanyoosha mkono. "Kabla bunduki haijalia, pale palikuwa pa nani?"

Nikasema palikuwa pa serikali, palikuwa patupu.

"Patupu kabisa?"

"Palikuwa na nyasi," nikasema, na watoto wakacheka. Raelynn naye akacheka. Naiandika hapa kwa sababu alicheka akiniangalia usoni, anangoja kuona kama natania.

Bwana Tolliver, mwalimu mkuu wetu, alinisimamisha koridoni baadaye. Amesikia shule kadhaa za mjini zimeacha mbio hizi. Hakusema nasi tuache. Aliuliza tu nina maoni gani. Nikamwambia nina maoni ya miaka ishirini, na kwamba watoto hawakumbuki kitu kingine chochote nilichowafundisha. Hilo ni kweli kabisa, na sasa hivi ninaliandika bila kujivunia sana.

Jumatatu, 14 Aprili

Fomu za ruhusa kumi na nane zimerudi. Ya Raelynn bado. Wakati wa mapumziko alimpita kila mtoto mbio, hata wale wavulana wawili wenye miguu ya korongo.

Jumatatu, 21 Aprili

Opal ameniambia kesho hatakuja. Tumbo. Mimi na Harlan tuna utani wetu wa miaka mingi, tunaliita tumbo la Aprili la Opal, kwa sababu hujitokeza na maua. Leo nikamtania yeye mwenyewe. "Wewe tumbo lako linajua kalenda."

Alikuwa anafuta kaunta. Akaendelea kufuta mahali palipokwisha kuwa safi. "Linajua," akasema.

Fomu ya Raelynn bado.

Jumanne, 22 Aprili

Siku nzuri, jua, upepo wa wastani. Vigari kumi na vinne, mbwa mmoja aliyevalishwa ngozi ya ng'ombe wa kuchezea. Wazazi walijaa kwenye ngazi za uwanja.

Saa tano Raelynn alinifuata mlangoni mwa darasa. Hakuwa na kofia wala kigari wala kigingi. "Mwalimu, bibi amesahau kutia sahihi. Naomba nikimbie." Macho yalikuwa yameshajaa machozi. Watoto wenzake walikuwa tayari wanapanga mstari, na aliyebaki darasani angekaa peke yake na mkutubi. Nilidhani Opal amesahau kwa sababu ya kuumwa. Nikamfunga kofia ya akiba, ile ya maua ya buluu, na kwa kuwa vigingi vilikuwa vimekwisha nikampa cha babu.

Bwana Tolliver alipiga kengele saa sita kamili. Sijawahi kuona mtoto akikimbia vile. Alifika kwenye kona ya mpigaji, ambapo kila mtoto hupataka, akiwa amewaacha wengine nusu uwanja, akapiga goti akachomeka kigingi huku anacheka. Mpiga picha wa gazeti la wilaya alikuwa hatua tatu tu.

Chakula kilikuwa mikate baridi yenye jibini, kwa sababu ya tumbo la Opal.

Alhamisi, 24 Aprili

Ukurasa wa kwanza. Picha ni kubwa, ya rangi. Raelynn, kofia ya buluu, meno yote nje, mkono juu ya kigingi cha babu yangu. Nimenunua nakala tano. Moja nimeibandika mlangoni mwa darasa na moja nimemwachia Opal jikoni juu ya kaunta, kwa sababu alikuwa ghalani kupokea maziwa. Nikaandika pembeni kwa kalamu: Hongera, bibi mtu.

Ijumaa, 25 Aprili

Opal hakuja. Raelynn hakuja. Nikapiga simu saa nne.

"Umeliona gazeti?" nikamuuliza.

"Nimeliona."

"Ametoka vizuri, sivyo?"

Nikasikia redio yake. Kisha akakata.

Jumatatu, 28 Aprili

Hawajaja. Simu haipokelewi. Mikate baridi. Watoto wananiuliza Raelynn yuko wapi, nawaambia anaumwa. Nimekuwa hodari wa kuwagawia watu magonjwa.

Jumanne, 29 Aprili

Baada ya shule nimelitoa sanduku la shajara za zamani chini ya kitanda cha wageni. Sababu ni Harlan. Jana mezani nilimwambia sielewi Opal amekasirikia nini, mbona miaka yote hii hakuwahi kusema neno juu ya mbio. Harlan si msemaji. Alipaka siagi mkate wake mpaka pembeni, akasema, "Mama, hivi kuna mwaka hata mmoja aliokuwepo?"

Opal alianza kazi mwaka 1997. Nimetoa madaftari kumi na saba nikayapanga juu ya shuka, nikafungua kila moja tarehe ile ile. Au Ijumaa iliyotangulia, kama ishirini na mbili iliangukia mwisho wa wiki.

1997: Opal mgonjwa, siku ya pili baada ya mshahara, kumbe mzembe. 1998: Opal mgonjwa tena. 2001: Opal tumbo, mvua, tumekimbilia ukumbini. 2004: Tumbo la Aprili. 2006: Tumbo la Aprili, ha. 2011: Tumbo la A. Mwaka jana niliandika herufi tu: T.A.

Mara kumi na saba, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nilikuwa nanywa kahawa yake siku mia na themanini kwa mwaka na siku moja tu haji, siku ile ile, na mimi niliyaandika yote nikacheka. Nimekaa kitandani mpaka Harlan akaja kuuliza kama tunakula.

Na nikiwa bado na kalamu mkononi: tarehe ishirini na mbili niliandika hapa kwamba nilidhani Opal amesahau. Ni uongo. Sikudhani hivyo. Mtu anayehesabu mayai ya watoto mia tatu kila asubuhi hasahau karatasi kwa wiki mbili. Nilijua hataki. Sikujua kwa nini hataki, na sikupiga simu kuuliza kwa sababu nilijua jibu lingenizuia, nami nilitaka yule mtoto akimbie. Nilitaka mshindi awe yeye. Nilifikiri ingependeza.

Ijumaa, 2 Mei

Bwana Tolliver ameniita ofisini. Mtoto amekosa siku sita. Zikifika kumi itabidi apeleke jina lake wilayani, na Opal ataitwa kujieleza mbele ya watu wasiomjua. "Mwalimu Prewitt, wewe si rafiki yake?" akauliza.

Nikasema nitakwenda Jumapili.

Jumapili, 4 Mei

Nataka kuandika yote leo.

Nilifika kwa Opal saa tisa alasiri, na madaftari kumi na nane, pamoja na hili, ndani ya mfuko wa dukani. Hewa ilikuwa imesimama, nzito, na magharibi mbingu ilikuwa na ile rangi ya kijani ambayo hatuipendi. Opal alikuwa barazani amejifunga aproni. Hakuinuka.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema.

"Nimeona. Umekuja na mzigo kabisa."

"Opal, sikujua."

"Miaka kumi na minane unakunywa kahawa yangu," akasema. "Ungeuliza."

Nikasimama kwenye ngazi kama mtu anayeuza vitabu vya dini. Alikuwa anafungua mdomo kuniambia niende zangu, nadhani, na ndipo king'ora cha mji kikalia. Kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Tufani imeonekana. Opal akaitazama mbingu, akanitazama mimi, akalitazama gari langu. Barabarani ningekuwa peke yangu.

"Raelynn, shimoni," akaita. Kisha kwangu, bila kunitazama: "Ingia. Sijakusamehe. Ingia tu."

Shimo lake la tufani ni kama la kila mtu hapa, chumba cha zege chini ya ua, mlango wa chuma, benchi mbili, taa ya betri, chupa za maji na mitungi ya pichi. Tukakaa watu watatu, magoti yakikaribia kugusana. Raelynn alikuwa amevaa soksi bila viatu. Juu yetu upepo ukaanza kuuvuta mlango.

Opal akaongea akiwa anaangalia mitungi. "Bibi yangu alikuwa na miaka minne serikali ilipoifungua ardhi yetu, sisi taifa la Sac na Fox, mwezi wa Septemba. Walitugawia vipande, kila mtu chake, kilichobaki wakawaita wenzenu waje kukigombania. Asubuhi ile mama yake aliwatia watoto kwenye shimo la kuhifadhia mahindi akaingia nao. Bunduki ikalia. Bibi alisema udongo ulikuwa unawaangukia kichwani mchana kutwa kwa kwato, na mama yake alimziba mdogo wake mdomo kwa kiganja. Walipotoka jua linazama, bustani ilikuwa imekanyagwa yote, na mwanamume mmoja amesimama katikati ya maboga na kigingi. Aliwaambia habari za jioni. Wakamwonyesha karatasi ya kwamba kile kipande ni chao. Basi akakichomoa, akahesabu hatua thelathini, akakichomeka tena."

"Halafu?" Raelynn akauliza, ingawa nadhani alishaisikia.

"Halafu wakapika maboga. Yangeoza." Opal ndipo akanigeukia. "Bibi alinisimulia mbio zenu mara nyingi, Lavonne. Hakuna hata mara moja alipokuwa juu ya farasi. Halafu nafungua gazeti namwona huyu, amefungwa kofia, anacheka."

Nilichokuwa nimekiandaa garini chote kilikuwa kinanihusu mimi.

Raelynn akaanza kulia. "Bibi, si kosa la Mwalimu. Mimi nilimwambia umesahau. Nilimdanganya. Fomu niliificha kwenye begi, ulishaandika hapana."

Siku kumi na mbili mtoto yule alikuwa amebeba hilo. Alidhani uongo wake mdogo ndio uliofanya bibi yake aache kazi na asicheke na mtu. Nami ningeweza kuuacha ubaki kwake. Nakiri kwamba kwa pumzi moja niliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi.

"Raelynn," nikasema, "hukunidanganya. Mimi nilijua hakusahau. Nilijua pale pale mlangoni, na nikakufunga ile kofia nikijua. Wewe una miaka kumi, ulitaka kukimbia na wenzako. Mimi nina sitini na moja."

Mlango ukapiga, ukatulia. Nikayatoa madaftari kwenye mfuko kwa sababu sikujua mikono yangu niipeleke wapi, nikaanza kusoma kwa mwanga wa ile taa. Nilisoma yote, na utani wote, na ile "ha", na ile ya kumwita mzembe. Nikafika 2006, nikaendelea. 2007, Opal mgonjwa. 2008, Tumbo la Aprili. 2009, Opal mgonjwa, safari hii siku nne, amezidi.

"Simama hapo," akasema Opal. "Mwaka huo nilikuwa mgonjwa kweli."

"Kweli?"

"Mawe ya nyongo. Walinilaza hospitali ya Stillwater. Wote walinitumia kadi, hata yule mzee wa maziwa. Wewe hukutuma."

Raelynn akaanza kucheka kwa pua, huku bado analia, na akashindwa kujizuia. Opal aliuma mdomo wake muda mrefu sana. Hakucheka, lakini alinisogezea mtungi wa pichi na kijiko kimoja.

King'ora kiliponyamaza tukatoka. Tufani ilikuwa imepita kusini, kwenye mashamba. Tawi la redibadi lake lilikuwa limelala juu ya gari langu, na Opal akalishika upande mmoja, mimi upande mwingine, tukalitoa.

"Kesho bado siji," akasema. "Nina hasira bado. Keshokutwa."

Jumanne, 6 Mei

Wamekuja. Biskuti na mchuzi. Gazeti nimelibandua mlangoni.

Jumatano, 7 Mei

Nimesimama mbele ya darasa nikawaambia kwamba tarehe tatu Aprili Raelynn aliniuliza swali nami nikamjibu uongo. Pale hapakuwa patupu. Nikaandika ubaoni majina ya mataifa ya wenyeji wa asili, niliyoyajua na niliyolazimika kuyatafuta jana, nikakaa chini. Yule mtoto wa swali la ngao akasema, "Kwa hiyo tulikuwa tunacheza wezi?" Raelynn ndiye aliyesema, "Ndiyo, na mimi nilishinda," na hakuna aliyejua kama acheke.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua, hatimaye. Kwa ngano ya Harlan imechelewa.

Alhamisi, 22 Mei

Shule imefungwa. Nimesahihisha Vitabu vya Jimbo Langu. Cha Raelynn kina ndege mzuri kuliko wote, mkia umemaliza ukurasa ukaendelea nyuma. Kwenye ukurasa wa mbio, wengine walichora farasi na vigari. Yeye ameupaka wote rangi ya kahawia iliyokolea, na juu kabisa ameacha ufa mwembamba mweupe wenye vijipande vya kwato vinavyopita. Sikuandika alama. Nilimrudishia nikamwambia amwonyeshe bibi yake, akasema, "Ameshaniambia kwato ni chache."

Kigingi nimekirudisha ndani ya droo. Sijui nikifanye nini. Harlan anasema kitafaa kushikilia nyanya, na sioni kwa nini isiwe hivyo.

Saa nne nilikwenda jikoni. Opal alikuwa anapakia masufuria kwa ajili ya likizo. Akanimiminia kahawa, ya kwanza tangu Aprili. Nikamwambia nimeamua mwakani hakuna mbio.

"Hakuna mbio," akasema, "lakini tarehe ishirini na mbili ipo. Haifutiki."

"Nitawafundishaje sasa siku hiyo?"

"Wewe hutawafundisha. Siku hiyo mimi nitakuja kazini. Nitapika maboga, nitakaa na watoto wako nitawahadithia, na Raelynn atakuja kutoka darasa la tano kunisaidia. Nimeshamwambia Tolliver."

"Na mimi?"

Akafunika sufuria ya mwisho na kuuweka mfuniko sawa.

"Wewe utakuwa unaumwa tumbo."

Nimechukua kalenda ya mwakani, ile ya bure waliyotupa wa benki, nikaitafuta tarehe ishirini na mbili Aprili, na kabla ya kulifunga daftari hili nimeandika pale kwa kalamu ya wino: Lavonne mgonjwa.